Matambara ya Bi Dorothy na Watoto wa Marungu

Dorothy Tennant alikuwa na akiba ya matambara katika studio yake mjini London. Yalifukizwa dawa, yakatiwa kafuri na pilipili ili chawa na viroboto wasipate makao, kisha yakangoja siku ambayo mtoto wa mtaani angeingia akiwa nadhifu kupita matakwa ya mchoraji. Hapo mtoto alivishwa mabovu mpaka aonekane fukara wa kutosha. Kwa mchoraji asiyependa kuhifadhi takataka nyumbani, Bi Dorothy alikuwa na ushauri mwingine: mtafute mvulana wa kawaida, mzoee, mpe peni sita, umwahidi peni sita nyingine akikuletea mwenzake aliyechakaa kumzidi yeye. Yote hayo aliyaandika mwenyewe, kwa uchangamfu na bila kuona haya, katika utangulizi wa kitabu chake cha michoro, London Street Arabs, kilichotolewa na Cassell mwaka 1890. Street Arabs ndilo jina Waingereza wa enzi zile walilowapachika watoto wasio na makao.

Mwandishi wa kitabu anatajwa humo kama Bi H. M. Stanley. Tarehe 12 Julai ya mwaka huohuo Dorothy alikuwa ameolewa katika kanisa la Westminster Abbey na Henry Morton Stanley, yule mwandishi wa habari aliyegeuka mpelelezi. Kwa msomaji aliyeko Pepa, juu kule kwenye nyanda za Marungu kusini mwa Kalemie, hapa ndipo habari ya wachoraji wa London inapoanza kumhusu. Mwezi Julai 1876 Stanley alipita chini ya milima hiyohiyo katika mashua yake, Lady Alice, akilizunguka Ziwa Tanganyika kwa siku 51. Naye alikuwa na mtoto aliyekwisha kumvalisha na kumpanga mbele ya kamera.

Lakini tuanze na London, maana huko ndiko soko la picha hizi lilikokuwa.

Karne ya 19 ilijaza miji ya Ulaya na Marekani watoto wanaofanya kazi. Walifagia njia panda ili mabibi wavuke bila kuchafua magauni, waling'arisha viatu, waliuza maua, viberiti, magazeti na ndimu. Mwaka 1851 mwandishi Henry Mayhew alichapisha mahojiano yake na maskini wa London, na miongoni mwao alikuwamo msichana wa miaka minane aliyeuza mboga ya majani ya mtoni. Msichana huyo alimweleza jinsi anavyofika sokoni kabla ya alfajiri, jinsi anavyofunga vitita kwa vidole vilivyokufa ganzi, na hesabu ya kila peni. Mayhew alikiri kwamba alijaribu kuzungumza naye habari za michezo na vitu vya kuchezea, akagundua kwamba mtoto huyo hana la kusema juu ya hayo.

Wachoraji walipoingia uwanjani walikuta watoto haohao, ila wao walikuwa na mteja wa kumfikiria. Picha ya rangi ya mafuta ilitundikwa sebuleni kwa mtu mwenye sebule. William Powell Frith alichora The Crossing Sweeper mwaka 1858: bibi aliyevaa vizuri anataka kuvuka barabara, na pembeni yake mvulana pekupeku mwenye ufagio anaomba. Picha ilipendwa, kwa kuwa ilimwezesha mtazamaji kumwangalia maskini kwa muda mrefu kuliko adabu ya barabarani ilivyoruhusu. Huko New York, John George Brown, Mwingereza aliyehamia Marekani, alijipatia utajiri kwa kuchora wang'arisha viatu na wauza magazeti. Watoto wa Brown wana nguo zenye viraka, lakini nyuso zao ni safi, mashavu yamejaa, macho yanacheka. Nakala zilizochapwa kwa wingi zilifika katika nyumba zisizoweza kununua picha halisi.

Paris ilikuwa na Fernand Pelez, na huyu hakuchekesha mtu. Mwaka 1885 alionyesha mvulana muuza maua ya zambarau amelala chini mbele ya mlango, sinia la maua bado limening'inia shingoni, mdomo wazi. Haijulikani kwa kumtazama kama amesinzia au amekata roho. Jina la picha linamwita shahidi, kama wale wa dini. Pelez hakupata utajiri wa Brown, na sababu si ngumu kuikisia.

Halafu yupo Vasily Perov wa Moscow, aliyechora Troika mwaka 1866: watoto watatu wanagenzi wanavuta pipa la maji juu ya theluji, nguo zao zimeganda. Perov alisimulia baadaye kwamba alimkosa mtoto wa kukaa katikati ya wale watatu, mpaka alipokutana njiani na mama mmoja wa kijijini aliyekuwa akisafiri na mwanawe. Mama alisitasita, aliamini kuchorwa kunaleta kifo. Hatimaye alikubali. Miaka michache baadaye alirudi kwa mchoraji peke yake. Mtoto alikuwa amekufa kwa ndui, naye alikuwa ameuza mali yake akusanye fedha ainunue picha. Haikuwezekana, ilikwisha kununuliwa na tajiri Tretyakov. Perov alimpeleka kuiona, na mama alipiga magoti mbele yake kama mbele ya sanamu ya mtakatifu. Mchoraji alimfanyia picha nyingine ya mwanawe akampelekea.

Kisa hicho kinafaa kukumbukwa, kwa sababu ni nadra. Katika mamia ya picha za aina hii, karibu hatusikii kabisa habari za mzazi aliyekuja kumdai mtoto wake.

Kamera haikuwa na ukweli zaidi ya brashi. Daktari Thomas Barnardo, aliyefungua makao ya wavulana Stepney mwaka 1870, aliuza picha za jozi: mtoto alipookotwa, na mtoto yuleyule akiwa ameoshwa na anafanya kazi. Mwaka 1877 alifikishwa mbele ya wasuluhishi kwa tuhuma mbalimbali, na mojawapo ilikuwa kwamba baadhi ya matambara ya kwenye picha yalichanwa makusudi. Wasuluhishi walimsafisha kwa mengi, ila juu ya picha walimlaumu. Kwa hiyo Dorothy Tennant alipoandika waziwazi kuhusu matambara yake yenye pilipili, alikuwa anataja desturi ya kazi iliyokwisha kujulikana.

Dorothy alizaliwa mwaka 1855 katika familia yenye uwezo. Alisoma uchoraji katika shule ya Slade, London, na kwa Jean-Jacques Henner huko Paris. Alipokuwa msichana yeye mwenyewe alikaa mbele ya mchoraji mashuhuri John Everett Millais. Malalamiko yake juu ya wenzake yalikuwa kwamba wanawachora watoto wa mitaani wakiwa wamekonda na kulia tu, ilhali yeye alikuwa akiwaona wakicheka, wakibinuka, wakitukanana kwa furaha. Alikuwa na nusu ya haki. Mtoto anayefanya kazi hucheza pia, na mchoraji anayemnyima kicheko anamwibia kitu. Lakini katika nusu iliyobaki kazi yenyewe inatoweka: hakuna saa za kuamka, hakuna hesabu ya peni, hakuna mtu anayemdai. Na mwaka 1890 kutoweka huko kulikuwa na msaada wa sheria. Shule ilikuwa ya lazima Uingereza tangu 1880, na sheria ya 1889 ilipiga marufuku kuwatuma watoto kuombaomba na ikawabana katika biashara za barabarani. Watoto wa matambara walianza kuwa adimu, na kitu adimu huanza kupendeza.

Mume wake angeweza kumweleza zaidi. Stanley alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaitwa John Rowlands, na tangu 1847 hadi 1856 alilelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, mahali ambapo mtoto alilipa chakula chake kwa kazi na viboko. Maisha hayo aliyaandika uzeeni, na Dorothy ndiye aliyeyahariri na kuyatoa mwaka 1909, Stanley akiwa amekwisha kufariki. Mtu angetarajia kwamba mtoto wa St Asaph, akishakuwa mkubwa, angejua namna ya kumtazama mtoto asiye na wazazi. Tuone alivyomtazama Kalulu.

Mwaka 1871, Stanley akiwa Tabora njiani kumtafuta mpelelezi Livingstone, mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimpa mtoto mtumwa kama zawadi. Mtoto aliitwa Ndugu Mhali. Stanley hakulipenda jina. Aliwaomba watu wake wampendekezee lingine, akabatizwa Kalulu. Kazi zake zilikuwa kumhudumia bwana mezani, kumimina kahawa na kubeba bunduki. Livingstone alipopatikana, Kalulu alipelekwa Ulaya na Marekani. Mwaka 1872 kampuni ya London Stereoscopic iliwapiga picha wawili hao: Stanley katika mavazi ya safari, kofia na bunduki, na Kalulu pembeni akiwa mtumishi wa porini. Porini penyewe palikuwa ndani ya studio, London. Picha hizo ziliuzwa kama kadi ndogo za mkononi, zikanakiliwa katika michoro ya mbao ya vitabu na magazeti. Makumbusho ya Madame Tussauds ikaweka sanamu ya nta ya Kalulu kando ya ile ya Stanley. Mwaka 1873 Stanley alitoa riwaya kwa ajili ya wavulana, My Kalulu, ambamo mtoto huyo amegeuzwa mwana wa mfalme.

Kalulu halisi alipelekwa shule Uingereza. Tarehe 18 Aprili 1874 alihudhuria mazishi ya Livingstone katika Westminster Abbey, kanisa lilelile ambamo bwana wake angeoa miaka kumi na sita baadaye. Kisha akarudishwa Afrika katika safari kubwa ya Stanley. Agosti 1876 msafara ulipovuka ziwa kutoka Ujiji, Kalulu alitoroka. Alikamatwa katika kisiwa cha Kasenge, karibu na Mtowa, mwendo mfupi tu kaskazini ya mahali ilipo Kalemie leo. Mtoto aliyejua Kiingereza, aliyeona New York, aliyetengenezewa sanamu ya nta, alipoachwa achague mwenyewe alichagua kukimbilia ufuoni mwa Tanganyika. Hakuna mchoraji aliyeichora siku hiyo. Machi 1877 mtumbwi wake ulichukuliwa na maporomoko ya Mto Kongo, akafa maji pamoja na wenzake. Stanley aliyapa maporomoko jina lake.

Watoto wa namna hii walikuwa wengi njiani. Misafara ya pembe na watumwa iliyokatiza kati ya Ujiji, Marungu, Katanga na Maniema haikuwa ya wanaume watu wazima peke yao. Mpagazi wa kawaida alibeba mzigo wa kilo karibu thelathini; nyuma yake alifuata mara nyingi mtoto mwenye vyungu, mkeka, kibuyu au bunduki ya mkubwa. Miongoni mwa Wanyamwezi wavulana waliandamana na baba zao wakijifunza kazi, na kwao safari ilikuwa shule na fahari. Mwingine alitembea karibu nao akiwa ametekwa. Kwa mtazamaji wa mbali, wote walikuwa watoto waliobeba mizigo. Tofauti yao isingeonekana kwenye mchoro hata mchoraji angekuwa hodari namna gani, maana mmoja alikuwa na pa kurudi na mwingine hakuwa napo.

Milima ya Marungu iliwaona wasafiri hawa mapema. Livingstone, akiwa mgonjwa wa mapafu, alipitishwa huku amelala kwenye machela na msafara wa Mohamad Bogharib, akafika ziwani penye mdomo wa mto Lufuko tarehe 14 Februari 1869. Mwezi mmoja baadaye alikuwa Ujiji. Miaka kumi baada ya hapo, mwishoni mwa 1879, kijana wa Kiskoti Joseph Thomson alipanda na kushuka milima hiyohiyo akitoka kusini mwa ziwa kuelekea Lukuga. Aliyeuongoza msafara wake ni James Chuma. Mwaka 1861, katika milima ya Shire, Livingstone na wenzake waliusimamisha msafara wa watumwa na kuwafungua mateka. Chuma alikuwa mmoja wao, mtoto bado. Alisomeshwa Bombay, akamtumikia Livingstone hadi kifo chake mwaka 1873, akawa miongoni mwa waliouchukua mwili wake hadi Bagamoyo. Mwaka 1874 Waingereza walimpiga picha yeye na Susi, mtumishi mwenzake wa Livingstone, wakiwa na kumbukumbu za marehemu. Katika picha hizo Chuma ni mfuasi mwaminifu tu. Yule Chuma wa Marungu, aliyepanga kambi, aliyepatanisha na machifu, aliyemlea kijana wa miaka 21 asijue hata kwamba analelewa, hakupigwa picha. Alikufa Zanzibar mwaka 1882.

Je, watu wa Marungu wenyewe walikuwa na sanaa ya kuwaonyesha watoto? Walikuwa nayo. Watabwa walichonga sanamu ndogo za mbao za mapacha, mpundu. Pacha mmoja akifariki, mama aliitunza sanamu yake pamoja na yule aliyebaki hai. Picha ya mtoto katika nchi hii, basi, ilikuwa kitu cha kutunzwa na aliyemzaa, wala haikutafuta mnunuzi. Sanamu nyingi za eneo hili zimo leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Ofisa wa Kibelgiji Émile Storms, aliyejenga kituo cha Mpala kwenye mdomo wa Lufuko mwaka 1883, alirudi kwao na mkusanyiko mkubwa. Sehemu yake iko Tervuren, karibu na Brussels. Alirudi pia na fuvu la chifu Lusinga, aliyeuawa na watu wa Storms Desemba 1884. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa mkusanyaji wa sanaa wa mwanzo wa Marungu, na ni vizuri jambo hilo lisemwe kwa jina lake.

Mwaka 1885 Storms aliwakabidhi Mpala wamisionari wa Kikatoliki, Mapadri Weupe, na hapo watoto wakawa kiini cha kazi. Mapadri walikuwa ziwani tangu 1879. Mpango wao ulikuwa kuwakomboa watoto sokoni na katika misafara, kuwalea kituoni, kuwafundisha sala, kusoma na kulima, kisha kuwaozesha wao kwa wao na kuwajengea vijiji vya Kikristo. Walifanya hivyo Kibanga kuanzia 1883, wakafanya hivyo Mpala na Karema. Kapteni Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, alikuja kuvilinda vijiji hivyo kwa bunduki. Alioa mwanamke wa huku, Agnes, mwaka 1888, na alikufa karibu na Moba mwaka 1927.

Ukombozi uligharimu fedha, na fedha zilitoka kwa waumini wa Ulaya. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Mapadri Weupe, alizunguka miji mikuu akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa: Paris mwezi Julai, London mwishoni mwa mwezi huo, Brussels mwezi Agosti. Majarida ya misioni yenye michoro, kama Les Missions Catholiques la Lyon, yaliwapelekea wafadhili nyuso za watoto. Mfadhili wa Lyon alimwona mtoto aliye uchi na pingu, kisha mtoto mwenye kanzu nyeupe na rozari. Ni jozi ileile ya Barnardo, kabla na baada, ila safari hii imevuka bahari. Jembe halikuonekana sana. Mtoto aliyekombolewa alilima, alichota maji, alifyatua matofali, na nguvu hizo ndizo zilizosimamisha misheni. Mfadhili hakuonyeshwa hayo, kwa kuwa alikuwa amelipia rehema na hakutaka kusikia habari za vibarua.

Si haki kuishia hapo, maana baadhi ya watoto hawa walikuja kuzungumza wenyewe. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa akiwa mdogo, akanunuliwa na Mapadri Weupe katika Sahara, akasomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema, ng'ambo ya ziwa mkabala na Marungu, mwaka 1889 na kutibu watu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Aliacha maelezo ya maisha yake, na humo utekwaji wake unasimuliwa bila mapambo, na mtu anayekumbuka nani alimshika na alipelekwa wapi. Bwanikwa, mwanamke wa Kiluba, alimweleza mmisionari Dugald Campbell jinsi alivyobadilishwa mikono mara kumi akiwa mtumwa katika nchi za Katanga na jirani zake. Maelezo yake yalichapwa mwaka 1916. Mara kumi! Hakuna mchoraji ambaye angeweza kuziweka mara kumi kwenye turubai moja, na hiyo ndiyo sababu ya kuamini kwamba simulizi za kinywa zimetutendea haki kuliko picha.

Na kutoka Marungu yenyewe alitokea Stefano Kaoze. Alizaliwa katika milima hii, akaingia shule ya misheni akiwa mtoto, na tarehe 21 Julai 1917 huko Baudouinville, yaani Kirungu ya Moba, akawa Mkongomani wa kwanza wa nyakati hizi kupewa upadri. Kabla ya hapo, mwaka 1910, alikuwa amekwisha kuandika na kuchapisha makala juu ya fikra na tabia za watu wake. Kizazi cha Watabwa kilichoonyeshwa Ulaya kama sura za kuhurumiwa kilitoa mtu aliyeshika kalamu na kueleza mwenyewe watu hawa wanawaza nini. Mtu akitaka kujua mtoto wa Marungu wa miaka ya 1890 alikuwa nani, aanze na Kaoze kabla ya mchoro wowote.

Turudi kwa Dorothy, kwa sababu uzi wake haukukatika harusini. Mojawapo ya picha zake za watoto wa London, Street Arabs at Play, iko leo katika jumba la Lady Lever huko Port Sunlight, mji uliojengwa na mwenye viwanda vya sabuni William Lever. Lever alikuwa hodari wa kununua picha za rangi za watoto na kuzitumia kutangazia sabuni. Picha ya Frith ya msichana na gauni lake jipya ilipata kuwa tangazo la Sunlight, na Frith hakufurahi. Sabuni ilihitaji mafuta ya mawese. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilimpa Lever maeneo makubwa ya michikichi Kongo, na kituo kikuu katika bonde la Kwilu kikaitwa Leverville. Kwilu ni mbali na Pepa, upande wa pili wa nchi. Lakini utaratibu ulikuwa mmoja na ule uliojulikana Katanga na Tanganyika: chifu alidaiwa watu, wanaume walipanda michikichi kwa shuruti, na wake na watoto walikusanya na kubeba matunda. Mwenye kuta zilizopambwa watoto wa London wanaocheza alikuwa na watoto wengine kazini, na hao hakuna aliyewalipa peni sita wakae mbele ya turubai.

Wachoraji wa Kongo walikuja kujibu baadaye. Tshibumba Kanda Matulu, fundi wa Katanga, alichora historia ya nchi katika picha zipatazo mia moja mjini Lubumbashi, mwaka 1973 na 1974, akimweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili cha huko. Humo wamo Livingstone na Stanley, wamo Waarabu na mateka wao, umo mjeledi wa Colonie Belge, yaani koloni la Ubelgiji. Alichora haraka, kwa rangi rahisi, juu ya kitambaa cha magunia ya unga, na aliwauzia watu wa mtaani wenye vibarua kama yeye. Mteja wake alikuwa ndani ya picha. Kwa maoni ya mwandishi huyu, tofauti hiyo moja ina uzito kuliko ustadi wote wa Slade.

Kazi za watoto hazijaisha. Mtu akipanda leo kutoka Moba kwenda Pepa atakutana na wachunga ng'ombe wadogo kwenye baridi ya uwanda, na wasichana wenye madumu ya maji. Kalemie, kama miji mingine ya mashariki, ina watoto wanaoishi sokoni na bandarini, wale ambao Goma na Bukavu huwaita maibobo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kazi za kumwumiza mtoto. Wapiga picha nao wapo, wenye kamera nzuri kuliko ya mwaka 1872, na mashirika yanazihitaji picha hizo kwa ripoti na maombi ya fedha. Mtoto mchunga anayecheka na mtoto wa sokoni anayelia wote wana wanunuzi wao. Swali la kumwuliza mpiga picha ni lilelile la zamani: umeandika jina lake, na wazazi wake wamepewa nakala?

Ubelgiji umeanza kugusa sehemu yake ya historia hii. Mwezi Juni 2020 sanamu ya Storms iliondolewa katika uwanja wa Meeûs mjini Brussels. Makumbusho na nyumba za mashirika ya kimisionari bado zina picha nyingi za zamani kutoka Mpala, Karema na Baudouinville, na nyingi zina maelezo ya neno moja au mawili tu: watoto, wanafunzi, wabeba matofali. Nakala zake zinaweza kuombwa, na wazee wa Pepa, Manda na Kirungu wanaoweza kusema huyu ni wa ukoo fulani wanapungua kila mwaka. Walimu wa historia wa Moba na Kalemie wangefanya jambo la maana wakizileta nakala hizo darasani, wawatume wanafunzi nazo kwa babu na bibi zao, na majina yatakayopatikana yaandikwe na kupelekwa kule zilikohifadhiwa.